Gari la Kisyeri Halipumui

Kisyeri alipostaafu udereva wa malori ya mgodini, alinunua gari la michezo. Hakumshauri mtu. Ilikuwa Celica nyekundu ya milango miwili, iliyotumika Japani, kisha ikatumika Mwanza kwa daktari wa meno, na ilifika Kerende asubuhi moja ya mvua ikiwa imebebwa juu ya lori, kwa sababu mwenye lori hakuamini kwamba ingeweza kuvuka madimbwi ya Nyamwaga yenyewe.

Watu walimuuliza kwa nini. Aliwaeleza kwamba miaka yote ya kazi alikuwa ameketi juu sana. Lori la mawe lina ngazi kama nyumba ya ghorofa, na dereva akishafika kule juu haoni chochote kilicho karibu naye. Sasa alitaka kuketi chini. Akikutana na mbuzi barabarani, alitaka waonane uso kwa uso.

Mkewe, Wegesa, alilizunguka gari mara moja, akauliza ng'ombe akiugua atapakiwa wapi. Kisyeri alikiri kwamba hilo hakuliwaza. Wegesa akarudi jikoni. Hata hivyo siku za Sabato alipanda kwenda kanisani, akajifunza kuingia kwa kutanguliza makalio na kutoka kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Hakulalamika. Alisema tu kwamba barabara ina mawe mengi kuliko alivyokuwa akidhani.

Sabato moja wakitoka kanisani, mbele ya usukani ikawaka taa ya njano yenye mchoro wa injini. Gari lilikuwa linakwenda vizuri. Halikukohoa, halikutoa moshi. Kisyeri aliwasha indiketa, akaegesha pembeni, akazima, akashuka kuweka pembetatu nyuma ya gari, kisha akarudi kuketi na mikono yake kwenye usukani.

Wegesa alimuuliza wanamngoja nani. Kisyeri alisema taa imewaka.

Mgodini sheria ilikuwa moja: taa ikiwaka unasimama, unaita kwa redio, unangoja. Hakuna kujadiliana na taa. Zamani, katika machimbo waliyofanyia kazi kabla ya kurudi Mara, mwenzake mmoja aitwaye Elia aliwahi kujadiliana na taa ya breki kwa kuwa zamu ilikaribia kwisha. Kisyeri alikuwa miongoni mwa waliomtoa chini ya vyuma. Siku hizi Elia anauza vocha za simu akiwa ameketi, na ukimuuliza habari anajibu nzuri. Lakini tangu siku ile Kisyeri hajawahi kuipita taa.

Walingoja mpaka trekta la jirani likapita na kuwavuta nyumbani. Wegesa alikaa ndani ya gari na Biblia mapajani, akiitikia salamu za waumini wenzake waliokuwa wakitembea kwa miguu kwa mwendo uleule.

Kesho yake Kisyeri alimpigia Oduol, fundi wa magari madogo mjini Tarime, Mjaluo aliyejifunzia kazi kwa wajomba zake Migori. Oduol aliuliza kama gari linatembea. Kisyeri alisema linatembea vizuri sana. Oduol akauliza kwa nini basi asilipeleke gereji. Kisyeri alisema taa imewaka. Oduol akasema atakuja.

Alikuja na pikipiki, akamwamkia mzee shikamoo, akatoa mashine ndogo kifuani mwa jaketi na kuichomeka chini ya usukani. Mashine ikaandika kodi ya hitilafu, P0446. Oduol akaeleza kwamba petroli hutoa mvuke ndani ya tangi hata gari likiwa limelala. Walioliunda gari hawakutaka mvuke huo uende hewani, kwa hiyo wakauwekea kopo lenye mkaa. Mkaa unaushika mvuke, na injini ikishawaka inauvuta na kuuchoma. Kopo lile nalo lina njia yake ya kupumulia. Kodi hii maana yake gari limejipima lenyewe na kuona kwamba njia hiyo haifanyi kazi inavyotakiwa.

"Mzee, hii si ugonjwa," Oduol alisema. "Ni mambo ya kulinda hewa. Hii gari itakupeleka mpaka Nairobi na ikurudishe, na hakuna mtu atakuuliza. Nikutolee tu hiyo balbu?"

Kisyeri aliuliza kama balbu ndiyo iliyoharibika.

"Hapana. Balbu iko sawa."

"Basi iache. Tafuta kilichoharibika."

Oduol alianza na kifuniko cha tangi, kwa kuwa ndicho kilichofikika bila kulala chini. Akaweka kipya, akaifuta kodi kwa mashine, taa ikazimika. Kisyeri akaendesha kwa furaha hadi katikati ya juma, taa ikawaka tena akiwa karibu na mnada wa ng'ombe, na wachuuzi wakapata mahali pa kuegemea hadi trekta lilipokuja. Safari ya pili Oduol alileta vali ya kopo aliyoitoa kwenye gari bovu huko Migori. Taa ikazimika, ikakaa siku kadhaa, ikarudi. Wenye trekta wakazoea. Wakimwona Kisyeri akitoka na gari, hawakuifungua kamba ya kuvutia kwenye trekta.

Wegesa alivumilia yote hayo, mpaka ikaja harusi ya Kezia.

Kezia alikuwa binti wa Christina, mdogo wake Wegesa aliyeolewa Nyansurura, ng'ambo ya mto Mara. Alisomea shule ya msingi Kerende akiishi kwa mama yake mkubwa, na Wegesa alimhesabu kama mwanawe wa kumzaa. Siku ya harusi walipakia blanketi na sufuria kubwa kwenye kiti cha nyuma. Kisyeri alivaa suti. Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi kufika darajani taa ilipowaka.

Kisyeri akaegesha, akazima.

"Baba Ghati," Wegesa alisema, "gari linatembea?"

"Linatembea."

"Breki zipo?"

"Zipo."

"Basi twende."

"Taa imewaka, Mama Ghati."

Wegesa alikaa akitazama mbele, kule ambako daraja lilionekana. Halafu akafungua mlango, akatoka, akachomoa blanketi na sufuria kutoka nyuma, akasimamisha bodaboda. Sufuria aliiweka mapajani, blanketi akaziweka kati yake na dereva, wakaondoka. Kisyeri aliwaangalia hadi walipovuka mto. Kisha akashuka kuweka pembetatu.

Alikusudia kufuata. Trekta lilichelewa, na walipofika nyumbani jua lilikuwa limeinama, akaona aibu ya kuingia harusini watu wakiwa wanakunja viti. Akavua suti. Jioni Christina alimpigia simu, akamwita shemeji, akamwambia mambo yalikwenda vizuri, watu walimuulizia, na Wegesa atapumzika kwao kidogo. Hakusema kidogo ni kiasi gani. Kisyeri alishukuru, naye hakuuliza.

Siku zilizofuata alikamua ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe hawakumtaka. Alisonga ugali ukatoka na madonge, akala madonge kwanza. Majirani waliopita hawakumuuliza mkewe yuko wapi. Walimuuliza tu kama taa bado inawaka, naye akaelewa kwamba wanauliza yote mawili.

Nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyotarajia. Wakati wa kazi alizoea kuwa mbali na Wegesa, lakini siku zile aliyekuwa akiondoka ni yeye.

Akampigia Oduol, na safari hii alimwomba asilete kipuri chochote. Alimwomba aje wakae waangalie. Oduol alikuja, wakaketi kwenye viti vya plastiki mbele ya gari kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Oduol alimuuliza kama kuna jambo lingine lolote lisilo la kawaida ambalo gari hufanya, hata kama ni dogo.

Kisyeri alifikiri. Alisema hakuna, ila kule sheli gari hukataa mafuta. Bomba la pampu hujikata kila mara, ikabidi yule dada wa sheli aingize petroli taratibu kama anayemnywesha mtoto dawa. Na akifungua kifuniko, tangi hutoa sauti, fuuu, kama mtu aliyebana pumzi muda mrefu.

Oduol alimtazama. "Tangu lini?"

"Tangu wiki za mwanzo."

"Na hujaniambia."

"Hukuniuliza. Nilidhani magari ya michezo ndivyo yanavyokunywa."

Oduol alivua jaketi. Waliliinua gari kwa jeki na magogo, akaingia chini akiwa amelala chali, akaushika mpira mwembamba unaotoka kwenye kopo la mkaa na kuufuata kwa vidole mpaka mwisho wake, uliojificha juu ya tairi la nyuma. Aliuchomoa, akaweka mdomo, akapuliza. Mashavu yakavimba, hewa haikupita. Akampa Kisyeri. Kisyeri naye akapuliza mpaka masikio yakaziba.

Waliupasua kwa wembe. Ndani kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka na kushindiliwa kwa ustadi, vyumba viwili vitatu vimefuatana, na katika kila chumba buibui wakavu waliowekwa akiba na funza mmoja mnene. Kilikuwa kiota cha nyigu wa udongo. Kisyeri akakumbuka kwamba tangu gari lifike alikuwa akimwona nyigu mmoja akizunguka tairi la nyuma, akienda na kurudi. Alidhani anavutiwa na rangi.

"Kopo lilikuwa linataka kupumua," Oduol alisema, "na huyu amejenga mlangoni."

Alisema kwa sauti ya chini, akautupa mpira wa zamani mbali. Kila mmoja alikuwa akifikiria vali ya Migori iliyofungwa bure. Kisha akafunga mpira mpya, akaufunika mdomo wa mpira huo kwa kipande cha wavu wa dirisha ili hewa ipite na nyigu asipite, akaifuta kodi. Alimwambia Kisyeri asishangilie. Gari litajipima lenyewe tena likiwa barabarani, na litasema.

Kisyeri aliendesha kwenda Nyamwaga na kurudi. Kesho yake akaenda Tarime. Sheli alijaza mafuta, bomba halikujikata hata mara moja, na yule dada akampa hongera kana kwamba amepata mtoto. Taa haikuwaka. Alipojiridhisha alioga, akavaa ile suti, akashika barabara ya Nyansurura.

Alivuka mto, akapita Kenyamonta nyuma ya kundi la ng'ombe ambao hawakuwa na haraka, akafika kwa Christina mchana. Christina alimkaribisha vizuri, akampa kiti na maziwa ya mgando. Mumewe aliuliza habari za gari, na Kisyeri akamsimulia habari ya nyigu kwa urefu, pamoja na buibui. Wegesa alikuwa nyuma ya nyumba anaanua mtama. Alisikia gari likiingia. Alimaliza mtama wote kwanza.

Alipotokea, wenye nyumba wakakumbuka shughuli zao.

Kisyeri alimwambia alikuwa ni nyigu. Wegesa alisema amesikia. Kisyeri alimwambia taa haitawaka tena, na hata ikiwaka safari nyingine ataipita, kama ndivyo anavyotaka. Alisema maneno hayo kwa shida, akiangalia viatu.

"Sikuwahi kukuambia uipite," Wegesa alisema. "Elia namfahamu. Mkewe namfahamu. Taa ikiwaka, simama."

"Sasa nilikosea wapi?"

"Ungesimama, ukazima, ukaweka hiyo pembetatu yako. Halafu ungeshuka, tukapanda pikipiki wote wawili. Gari lingekungoja. Kezia alikuwa anaangalia mlangoni, Baba Ghati. Nilimwambia uko njiani."

Kisyeri alilitafakari jambo hilo. Mgodini mtu haliachi lori. Unakaa nalo mpaka wakubwa waje. Alijaribu kujiona akishuka na kuondoka, na ajabu ni kwamba aliona inawezekana kabisa. Alisema kwa ukweli kwamba wazo hilo halikumjia.

"Najua," Wegesa alisema. "Ndiyo maana nilikasirika."

Kisyeri aliomba radhi. Aliomba pia aelekezwe nyumba ya Kezia, akampe mkono hata kama amechelewa. Wegesa alimtazama ile suti, akamwambia ana unga wa mtama begani, ingawa ulikuwa umetoka kwenye mkono wa Wegesa mwenyewe alipompita. Akaupangusa.

Walienda kwa Kezia, wakakaa mpaka chai. Kezia hakumlaumu baba yake mkubwa. Alimwomba tu amzungushe kijijini mara moja na lile gari, dirisha likiwa wazi, na Kisyeri akamzungusha mara kadhaa huku mume wa Kezia akisubiri zamu yake.

Wakati wa kuondoka Christina aliwapa mbuzi jike mwenye mimba. Hapakuwa na mahali pengine, kwa hiyo mbuzi alipandishwa kiti cha nyuma, akafungwa mkanda na Wegesa mwenyewe. Njia nzima alisimama na kichwa chake katikati yao, akitazama barabara, akipumua masikioni mwa Kisyeri. Darajani Wegesa alisema wasimame, akanunua samaki. Kisyeri alizima gari bila kuambiwa, akashuka naye.

Nyumbani, kabla ya kuvua kitenge cha safari, Wegesa alikwenda zizini. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi alisema yule ng'ombe mweusi ameharibika chuchu moja kwa kukamuliwa vibaya, na yule mwingine anakaribia kukauka.

Kisyeri alisema ameliona hilo.

Wegesa akachukua ndoo na mafuta ya kupaka, akamwambia amfuate, amwonyeshe namna ya kushika.