Weusi wa Dirishani

Bi Chausiku alikuwa ameshafunga sanduku lake. Mjukuu wake Shifa, wa miezi saba, alikuwa akikohoa wiki ya pili sasa. Nassor, baba wa mtoto, alipitisha kidole dirishani, kikatoka cheusi, akamwonyesha Bi Chausiku, mama yake mzazi: hayo ndiyo masizi ya udi wako. Tangu siku hiyo chetezo hakikuwashwa, na bibi hakumbeba tena mtoto. Alisema Ijumaa anarudi Unguja.

Muzdalifa, mdogo wake Nassor, alikuwa akisomea mazingira chuo kikuu hapo hapo Guangzhou, mji wa China walikoishi. Alimwomba mama ampangusie lile vumbi kwa kitambaa, akalipeleka maabara.

Chini ya hadubini aliona alichokiogopa. Chembe nyeusi zilikuwa na vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, umbo la mti uliowahi kuwa hai. Makaa. Alibaki ameinama pale pale, akitafuta namna ya kumwambia mama. Ndipo akakikumbuka kitambaa chenyewe, kipande cha kanga kuukuu ambacho mama hufutia chetezo kila Alhamisi. Akacheka peke yake.

Mara ya pili alipanda kiti mwenyewe, akabandika utepe wa gundi juu ya fremu, ambako kitambaa hakikufika, upande unaotazama barabara ya juu ya nguzo, inayopitisha magari usiku na mchana. Nassor alimuuliza kama shahada yake ni ya ufagizi. Chembe za safari hii zilikuwa nyingine kabisa: ndefu, zimeviringika kama tambi fupi, zimegandwa na mchanga. Alipoibonyeza moja kwa sindano, ilibonyea, ikarudi ilivyokuwa. Mpira wa tairi. Katika chembe mia alizohesabu, makaa yalikuwa manne.

Alhamisi aliwaeleza wote sebuleni. Hakusema kwamba tairi ndizo zinazomkohoza mtoto. Hilo aliwaachia madaktari. Alisema tu kwamba ule weusi haukuwa wa mama.

Nassor aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa ni Nassor, akasema hata hayo manne ni makaa, basi mama amtake radhi Kauthar, mkewe, aliyemzaa mtoto, yaishe.

Bi Chausiku alinyoosha mikono. Kauthar akamkabidhi mtoto, machozi yakimlengalenga.

"Chetezo nitakiweka nje, kwa ajili ya kifua cha huyu," bibi alisema, akimlaza Shifa begani. "Na dirisha lile mlifunge. Lakini radhi, Nassor, siombi."