Alimvizia

Wakili alikuwa amemfundisha shangazi la kusema: kaka na mshirika wake wa karakana ya useremala walirushiana maneno, kaka akapandwa na hasira, akampiga kwa nyundo ya mbao. Basi. Ugomvi wa ghafla wa karakanani una adhabu nyepesi. Lakini kama hakimu angeamini kwamba kaka alipanga, angeozea jela, na wanawe wangebaki mikononi mwangu, mimi ambaye kazi yangu ni kupaka mbao vanishi tu.

"Hilo tu, shangazi," nilimsihi mlangoni mwa mahakama. Akaitikia kwa kichwa. Ningekuwa na akili nisingemwamini, maana huyo aliyetulea tangu tukinyonya vidole hajawahi kulishwa maneno akayameza.

Alipoulizwa kilichotokea, alijibu neno moja.

"Alimvizia."

Wakili aliinuka haraka, akamweleza hakimu kwamba watu wa umri ule hutumia neno hilo ovyo, kwa ugomvi wowote ule. Mama huyu, alisema, alimaanisha alimvamia. Hakimu aliweka kalamu chini, akamuuliza shangazi yeye hulitumiaje. Nilimkazia macho. Alichotakiwa ni kukubali tu alichosema wakili.

"Kuvamia ni kumrukia mtu, hata kama hasira zimekupanda papo hapo," alisema. "Kuvizia, lazima kwanza umngoje. Paka humvizia panya. Hawakutani tu njiani."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani kumziba mdomo kwa kiganja changu.

Hakimu akauliza kama alimwona kaka akingoja. Hapana, alisema. Alifika kuwaletea chakula cha mchana mambo yakiwa yamekwisha: mshirika yuko chini anavuja damu kichwani, kaka amesimama analia. Wakili akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Kumbe hakuona lolote.

"Sasa mama, umejuaje?"

Shangazi aligeuka, akamtazama kaka. Nilimwonea huruma hata kabla sijajua atasema nini.

"Sakafu ya karakana imejaa misumari na vipande vya mbao, mheshimiwa. Hakuna fundi anayevua viatu mle ndani. Mwanangu alikuwa pekupeku. Viatu vyake vilikuwa nyuma ya mlango, vimepangwa vizuri. Anayevua viatu mle hataki nyayo zake zisikike."

Kaka hakumtazama wakili, wala mimi. Aliinama, akaangalia miguu yake.