Kazi ya Saynab Kisimani

Hakuna aliyekuwa akinitarajia. Nilishuka kwenye pikapu saa nne asubuhi, kwenye kisima cha pampu nje ya Griftu, nikiwa na bahasha ya fomu kifuani. Wafugaji waliokuwa wakinywesha ngamia waliitikia salamu yangu kwa kuwa kuitikia ni faradhi, kisha wakanipa mgongo.

"Wewe ni wa fomu?" akauliza mwanamke aliyekuwa amesimama kando ya jenereta.

"Ndiyo, eddo," nikajibu, nikimwita shangazi kwa heshima ya Kisomali. "Naitwa Idil, nimetoka Shirika la Maji la Dasheg, ofisi ya Wajir. Nachunguza kila mtu anafanya kazi gani hasa, ili shirika lipange mafunzo na vyeo."

"Aliyekutangulia alisema hivyohivyo. Aweys, mlinzi wetu, akamweleza kila kitu na chai akampa. Mwezi haukuisha, Aweys akaachishwa kazi."

"Mimi siye yule, eddo."

"Kalamu ni ileile."

Wafugaji wakacheka.

Kwenye orodha yangu aliandikwa hivi: Saynab, mfagizi, miaka kumi na moja. Nafasi ya fundi wa pampu ilikuwa wazi. Lakini asubuhi nzima sikumwona akishika ufagio. Alikuwa akiweka kiganja juu ya bomba, anasikiliza, anazima mashine kabla maji hayajapungua kisimani, anaipumzisha, anaiwasha tena. Haya ndiyo niliyoyasomea miaka minne: kumwona mtu ndani ya kazi yake na kumtafutia njia ya kupanda.

Ndipo nikakosea. Fomu ilitaka idadi ya mifugo kwa siku. Nikamgeukia mzee mmoja, Nunow, nikamwita ami, nikamuuliza, "Adeer, ngamia wako ni wangapi?"

Kuzaliwa Garissa mjini na kusoma Nairobi si udhuru. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mali ya mtu haihesabiwi mbele yake.

"Amekuja na jicho la husuda!" Nunow akafoka. "Mtoeni hapa kabla hajatuulia wanyama!"

Akaanza kuwaswaga ngamia wake, nusu yao hawajanywa. Wengine wakakimbilia nafasi yake kwenye birika la kunyweshea, wakasukumana, fimbo zikainuka. Saynab akafunga maji.

"Anayeinua fimbo atanywesha wa mwisho," akasema, bila kupaza sauti. "Waliotoka mbali kwanza. Kisha wenye ndama. Nunow, rudi. Huyu ni mjinga tu, si mchawi."

Fimbo zikashuka. Nunow akarudi, akitema mate karibu na kiatu changu. Nami nikaandika.

"Unaandika nini?"

"Ulichokifanya sasa hivi."

"Sijui kusoma. Kesho mtasema nilisema nini?"

"Nitarudi nikusomee kwa Kisomali kabla mtu yeyote hajatia saini. Wallahi."

"Usiape," akasema Saynab. "Rudi."

Nilipendekeza awe fundi wa pampu, apate mafunzo ya miezi mitatu, kisha aandaliwe kuwa msimamizi wa kituo. Meneja wetu, Rage, alisoma kurasa zote mbili, kisha akazisukuma mezani.

"Nilikutuma kuandika kazi au kumtungia mtu sifa? Nafasi ya fundi ina mwenyewe. Liban ana cheti."

"Liban hajawahi kufika kisima kile, adeer."

"Atafika. Andika mfagizi, nitie saini leo, na mkataba wako nitaufanya wa kudumu."

Kwa kanuni za shirika, fomu ikishawekwa dole gumba la mfanyakazi, meneja haibadilishi tena. Inakwenda kwenye bodi. Rage alilijua hilo kuliko mimi.

"Niliahidi kumsomea kwanza," nikasema.

"Karatasi hiyo ikitoka mlango huu, na wewe umetoka. Waulize wenzako wa chuo kama kazi zinaokotwa barabarani."

Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote wa Garissa kwamba nimeajiriwa. Nikazikunja kurasa zile, nikatoka.

Kule kisimani, Nunow ndiye aliyeniona kwanza. "Yule mwenye jicho amerudi! Ficheni ndama!"

Saynab hakunikaribisha wala hakunipa pa kukaa. Nikasoma nimesimama juani, sentensi baada ya sentensi, kwa Kisomali. Mwishoni mwa ukurasa wa kwanza akaniinulia mkono.

"Umesema naendesha pampu vizuri. Futa hilo neno. Andika imeharibika mara ngapi mikononi mwangu."

"Mara ngapi, eddo?"

"Mbili. Kwa miaka kumi na moja."

Nikafuta, nikaandika.

"Na huko ofisini wamekufanya nini kwa kuja kwako huku?"

"Wamenifukuza."

Hakusema pole.

"Umebakisha ukurasa," akasema. "Soma."

Nikausoma, polepole, mpaka chini kabisa, pale palipoachwa wazi kwa ajili ya dole lake.