Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

Jumamosi saa tatu asubuhi, saa mbili kabla ya darasa lake la kwanza la yoga, nesi alisogeza meza ya sebuleni ukutani, akafagia, akakunjua mkeka wa mpira. Alitaka kujaribu kukaa juu yake kwanza, asije akaumbuka mbele za watu. Mgonjwa wa kitanda cha tisa alikuwa amelala humo chali, macho darini. Alikuwa na wiki saba tangu azikwe.

"Shikamoo," nesi alisema.

"Marahaba. Nigeuze."

Akamgeuza. Chini ya kiuno kidonda kilikuwa vilevile, kipana kama kisosi. Alikisafisha, akakifunga, akamteremshia shati. Dhamiri ilikuwa ikimsuta tangu alipoupokea mkeka ule, hivyo hakuona ajabu.

Mkeka aliuleta binti wa marehemu, mwalimu wa yoga, aliyefika wodini kushukuru. Alisema darasa la kwanza ni bure, avae suruali isiyobana na asile chochote saa mbili kabla. Nesi aliitikia kila kitu kwa sababu alishindwa kumtazama usoni.

Kule wodini mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, asitoke vidonda vya kulala, na nesi huandika kwenye fomu. Yeye alikuwa akiijaza ya zamu nzima mara tu anapoingia kazini, kwa kalamu mbili tofauti, ili wino usifanane. Wagonjwa walikuwa thelathini na wanne, manesi wawili. Hilo lilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba chai ya saa nne hakuwahi kuikosa.

Mumewe alitoka chumbani akipiga mswaki, akamwamkia mzee.

"Mtaenea kwenye mkeka mmoja?" aliuliza.

"Yeye hanyooshi viungo."

"Basi mpe mto."

Saa nne na nusu alivaa suruali ya dada yake, akaukunja mkeka na mzee ndani, akauweka begani. Hakuwa mzito. Jirani aliyekuwa akianika nguo alimshauri amwache uso wazi, apate hewa, naye akafanya hivyo.

Njiani alikuwa akijizoeza neno moja tu: sikumgeuza. Kila alipofika kona aliliacha katikati, akalianza upya.

"Mwambie wewe," alimwomba mzee.

"Mimi nimeshazikwa. Aliyeandika ni wewe."

Ukumbini watu kumi walikuwa peku, wakishangaa vidole vyao vya miguu. Mwalimu alimwamkia baba yake, akasogeza benchi ili mkeka upate nafasi. Kisha akamshika nesi mikono yote miwili.

"Fomu niliisoma yote, dada. Kila baada ya saa mbili, hakuna hata mstari mmoja mtupu. Mimi niliyemzaa nisingeweza... yaani mimi mtoto wake." Alicheka, akafuta machozi. "Halafu kile kidonda nikamlaumu Mungu, maana nyie mlifanya yote."

Mzee alimtazama nesi. Nesi alifungua mdomo. Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

"Ni kazi yetu," alisema.

Saa tano ilikuwa imefika, mzee akaomba kugeuzwa. Mwalimu aliwaita wote wakae duara, waone mwili unavyoshikwa kwa upendo. Nesi aliweka mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, akavuta taratibu bila kumkwaruza. Alikuwa akijua sana kazi yake. Watu walipiga makofi, na bibi mmoja akaomba aonyeshwe tena kutoka mwanzo.

"Kumbe ni jambo la dakika moja," bibi alisema.

"Hata haifiki," mzee akajibu.

Mwalimu alimbusu baba yake kwenye paji la uso. "Jumamosi ijayo mje tena, nyote wawili."

"Tutakuja," nesi alisema, akalivuta shati la mzee chini, bandeji isionekane.