Wiki ya Mwalimu, Wiki ya Fundi

Ukitaka kumuuliza Fundi jambo, subiri kwanza amalize misumari. Mafundi wa makochi wa siku hizi wana bunduki za stepla, wanapiga ta-ta-ta na kwenda zao kula. Huyu alibaki na nyundo yake na misumari midogo anayoitia mdomoni ishirini kwa mkupuo, kisha anaisukuma nje kwa ulimi mmoja mmoja. Mteja akija kulalamika kwamba kochi liliahidiwa Jumatano na leo ni Jumatatu ya pili, Fundi huonyesha mdomo wake kwa kidole, kama mtu aliyeko kwenye simu muhimu. Mteja husubiri. Mwishowe huondoka akiwa amejijibu mwenyewe.

Mkewe aliishi na misumari hiyo miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa mwalimu wa udereva, mtu ambaye kazi yake yote ni maneno: punguza, angalia kioo, si hicho, kile kingine, mama yangu, breki. Akirudi jioni alikuwa na ya siku nzima ya kusimulia, na mume wake alikuwa na "mm". Huko nyumbani hapakuwa na misumari wala kochi hata moja (waliketi kwenye viti vya plastiki, maana makochi yote ya Fundi yalikuwa ya watu), lakini "mm" ilikuwa ile ile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Labda walikuwa na kimya chao. Cha huyu hakikuwa na mshindo wala kishindo, kilikuwa kimya tu, kama friji iliyochomolewa.

Ndiyo maana, mwaka wa tano wa ndoa, Mwalimu alileta mbwa.

"Nimeleta mtu wa kuongea naye," alisema, akamweka mezani.

Kilikuwa kitoto cha wiki tisa, Weimaraner, mbwa wa kuwinda, jina ambalo mtaani halikupata kutamkwa sawa na yeyote. Rangi ya majivu, ngozi imemzidi saizi mbili, masikio marefu yanayoingia kwenye bakuli la maji kabla ya ulimi, macho ya buluu. Wakamwita Jivu. Baada ya miezi kadhaa yale macho yaligeuka taratibu yakawa rangi ya asali. Mwalimu alidai anaijua siku yenyewe, Fundi akadai ilikuwa siku nyingine, na wakabishana wiki nzima, Fundi akitoa hoja kamili, sentensi na nukta zake. Ule ndio ulikuwa mwaka wao mzuri.

Mbwa wa aina hii amezaliwa kuwinda, na akikosa cha kuwinda huwinda watu wa nyumbani. Ukienda jikoni yuko, ukienda uani yuko, ukijifungia chooni unasikia pumzi yake chini ya mlango. Akisimama karibu nawe anakuegemea na kilo zake zote thelathini, kama mlevi aliyekutana na rafiki wa zamani. Kuachwa peke yake ndiko hakukujua kabisa. Siku ya kwanza walipomwacha kwa saa tatu alikula mlango wa jikoni. Sisemi aliukwaruza. Fundi alikuta kitasa sakafuni, na kukizunguka kile kitasa hapakuwa na mlango.

Jivu alipofika miaka sita, Mwalimu aliondoka.

"Sikuachi kwa ubaya," alisema. "Nimechoka kujijibu."

Fundi hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni siku ile. Alisema, "Mm."

Vyombo waligawana kwa nusu saa, na kila mmoja akimsukumia mwenzake sufuria nzuri. Jivu hakugawanyika. Peke yake hakai, na wote wawili walikuwa na kazi ambazo mbwa anaweza kuhudhuria. Basi wakakubaliana hivi: wiki moja kwa Fundi, ndani ya karakana, juu ya kipande cha sponji; wiki moja kwa Mwalimu, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kufundishia, akitikiswa na kila aina ya dereva asiyejua klachi. Makabidhiano Jumamosi, saa sita mchana, mlangoni pa karakana. Mlangoni, si ndani.

"Amekula?"

"Amekula."

"Haya."

"Haya."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi, mtu ambaye mdomo wake na mashine yake havijawahi kuzimwa kwa wakati mmoja. Alikuwa akisimama mlangoni kwake kushuhudia.

"Shemeji," alimpigia Mwalimu kelele siku moja, "hata mateka wa vita wanakabidhiwa kwa maneno mengi kuliko hayo."

Mwalimu alicheka. Fundi alionyesha mdomo wake.

Lakini kinyozi huyo huyo alijua jambo ambalo Mwalimu hakulijua: kwamba kila Ijumaa jioni, bila kukosa, Fundi alivuka barabara kuja kunyolewa, hata wiki ambazo kichwani hapakuwa na kitu cha kunyoa. Aliketi, akafungwa kitambaa shingoni, mashine ikapita hewani.

"Nimenyoa nini hapa?" kinyozi aliuliza. "Mawazo?"

Ukijumlisha kila kitu, Jumamosi ilikuwa dakika nne. Gari linasimama, mlango wa nyuma unafunguliwa, Jivu anashuka au anapanda, amekula, haya. Wiki nzima ya Fundi ilikuwa ni kuzisubiri zile dakika nne, na zilipokwisha alianza kusubiri nyingine. Angekufa kabla ya kumwambia mtu.

Miaka sita ikaenda hivyo. Jivu alipotimiza kumi na miwili, miguu ya nyuma ikaanza kukataa. Mwalimu alimpeleka kwa daktari wa wanyama, akarudi na bahasha mbili za vidonge, moja kwa kila nyumba.

"Nusu asubuhi, nusu jioni," alisema mlangoni. "Daktari anasema vinatuliza tu, haviponyi. Siku akishindwa kuinuka, tusimcheleweshe."

"Mm," alisema Fundi.

Alielewa vizuri sana. Siku Mwalimu atakapoona mbwa ameshindwa kuinuka, yatakuwa yamekwisha, na si ya mbwa peke yake. Mwanamke mwenye gari na wanafunzi wake, ana shida gani ya kuja kusimama kwenye mlango unaonuka gundi?

Kwa hiyo Jumamosi ya kumaliza zamu yake, saa tano kasorobo, Fundi alimpa Jivu kidonge kizima. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akaisugua ile miguu ya nyuma mpaka ikalegea. Saa sita Jivu alitembea kwenda garini taratibu, shingo imenyooka, kama bibi harusi. Mwalimu alitazama, akamfungulia mlango wa nyuma. Jumamosi iliyofuata alimrudisha, na Jivu akashuka garini vizuri vile vile. Fundi akahisi kitu kimemchoma mahali ambapo hakuna msumari.

Maana hesabu ilikuwa wazi. Kwake yeye mbwa anachechemea wiki nzima, anaanguka, usiku anahema. Kwa Mwalimu anatembea. Jumamosi baada ya Jumamosi, akitoka kwa Mwalimu anatembea.

"Kwa hiyo ni mimi," alimwambia Jivu. Alikuwa ameanza kuongea naye, na kwa hilo alitoa misumari yote akaiweka kwenye kopo. "Hata wewe ukikaa mbali nami unapona. Sema tu. Hatutagombana."

Jivu alimwegemea. Siku zile hata kuegemea kulimchosha, aliishia kuteleza polepole kando ya mguu wa Fundi mpaka sakafuni.

Halafu ikaja Jumamosi moja ambayo wanafunzi wawili wa Mwalimu waliahirisha masomo yao, akawa hana la kufanya, akaja saa tatu asubuhi.

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, misumari mdomoni. Alisikia gari, akadhani ni mteja. Jivu hakudhani. Jivu alimjua mtu kwa jinsi anavyofunga mlango. Alinyanyua kichwa, akaweka miguu ya mbele chini, akajivuta. Mbele kulinyanyuka, nyuma kukabaki. Akajaribu tena, kucha zikiteleza kwenye saruji, na safari hii mkojo ukamtoka, ukasambaa chini ya tumbo lake. Akaanza kuulamba haraka haraka, kama mtu anayeficha.

Mwalimu alikuwa mlangoni. Alitazama kwa muda, halafu akavuka kizingiti, mara ya kwanza kwa miaka sita, akasimama mbele ya Fundi.

"Tangu lini?"

Fundi alionyesha mdomo wake.

Mwalimu alikinga kiganja chini ya kidevu chake, kama mama aliyemkamata mtoto na bazoka mdomoni. "Tema."

Akatema. Misumari kumi na minne, imelowa mate.

"Tangu mvua zilipoanza," Fundi alisema. "Jumamosi nampa kidonge kizima kabla hujafika. Ili usione."

Mwalimu aliitazama ile misumari. Akaketi juu ya mbao tupu za kochi ambalo halijavikwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na Fundi hakuweza kujua kama ni kicheko.

"Saa ngapi unampa?"

"Saa tano kasorobo."

"Mimi saa tano kamili," Mwalimu alisema. "Nasimama pale kwenye kituo cha mafuta. Naweka ndani ya soseji. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watu, ananiuliza, mwalimu, hii nayo iko kwenye mtihani?"

"Wewe?"

"Mimi. Kwangu hainuki, Fundi. Nambeba kumshusha ngazi. Nikimleta hapa anatembea, nikija kumchukua anatembea. Nikasema basi, kwa Fundi anapona. Nikakuonea wivu mpaka nikakosa usingizi."

Wawili hao, kila Jumamosi kwa miezi minne, walikuwa wamemvisha mbwa mgonjwa uzima na kumpitisha mbele ya mwenzake, na kila mmoja akarudi nyumbani ameumia.

Jivu alikuwa amefika kwao kwa kujivuta. Aliweka kidevu kwenye kiatu cha Mwalimu.

"Wiki hii ni yangu," Mwalimu alisema. Hakumtazama. "Vidonge vipo. Nikimpa vizuri, kwa saa, Jumamosi ijayo atafika."

Alikuwa anampa Fundi Jumamosi nyingine. Fundi aliona hivyo, na kila kitu ndani yake kikanyoosha mkono kupokea. Jumamosi moja, pengine mbili. Angeweza kusema "mm" na yakapita. Kwa maisha yake yote hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya "mm".

Akamtazama Jivu, ambaye bado alikuwa anageuka kulamba sakafu.

"Hapana," alisema. "Leo."

"Fundi."

"Leo, Mwalimu. Tumemtembeza kwa ajili yetu."

Alimfunga Jivu kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, akambeba mwenyewe. Kinyozi alitoka mlangoni kwake na mashine mkononi, nyuma yake mteja ana nusu ya nywele. Alifungua mdomo. Akaona namna mbwa alivyobebwa, akaufunga, na kwa mara ya kwanza akaizima na mashine.

Kwa daktari hakukuchukua muda. Waliketi chini, kwenye mkeka, mgongo wa Jivu umeegemea magoti ya Fundi, kichwa kwenye mapaja ya Mwalimu. Daktari alieleza: sindano ya kwanza ni ya usingizi tu, mnaweza kuongea naye. Mwalimu, mtu wa maneno, alifungua mdomo na hakupata hata moja. Ikabidi Fundi aongee. Aliongea chini chini, mfululizo, mambo ya kipuuzi: sponji mpya iliyoletwa, kochi la kijani lenye mguu mbovu, mteja wa Jumatano. Aliongea mpaka uzito kwenye magoti yake ukabadilika, ukawa uzito wa aina nyingine. Daktari alimchoma sindano ya pili, akasikiliza kifua, akaitikia kwa kichwa kwamba tayari, na Fundi bado alikuwa anaeleza habari za kochi la kijani.

Mkanda wa shingoni walisahau kuuvua. Walikumbuka wakiwa nje, na hakuna aliyetaka kurudi.

Kwenye gari Fundi aliketi mbele, kiti cha abiria, ambacho katika gari la kufundishia ni kiti cha mwalimu na kina breki yake. Hakujua aiweke wapi miguu. Kwenye makutano ya kwanza gari lilisimama ghafla, wa nyuma akapiga honi.

"Ondoa mguu, Fundi."

"Samahani."

Akaikunja miguu chini ya kiti, akakaa hivyo njia nzima.

Walifika karakana saa tano na robo. Mwalimu hakuzima injini. Fundi alishuka, akainama dirishani. Njiani alikuwa ameipanga sentensi, ameigeuza kila upande, haikuwa ndefu.

"Jumamosi nitakuwepo hapa," alisema.

Mwalimu aliweka mikono yote miwili kwenye usukani, kama anavyowafundisha.

"Upo hapa kila siku, Fundi."

"Ndiyo."

"Haya."

"Haya."

Akawasha taa ya kugeukia kushoto, akaangalia kioo, akaondoka. Alipita kona ya kushoto bila kugeuka, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa barabara, taa ile ikiendelea kuwaka na kuzima, kosa ambalo angemfelishia mwanafunzi yeyote.

Fundi aliingia ndani. Mkojo ulikuwa umekauka kingo, katikati bado umelowa. Alichukua tambara, akapiga magoti kando yake. Alikaa hivyo, tambara mkononi, mpaka katikati napo pakakauka.