Chumba cha Chini

"Polepole kwenye kona, jamani," Tobias alisema. "Huyu si gunia la viazi."

Wanaume wanne walikuwa wamembeba Muriuki juu ya kiti cha plastiki, wawili mbele, wawili nyuma, wakimteremsha kutoka ghorofa ya tano. Tobias, jirani wa ghorofa ya tatu, alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Muriuki alimshika shingo kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akawa anaupapasa ukuta. Ukuta usingemsaidia kitu, lakini mkono wa fundi haupiti ukutani bure. Kila walipofika kwenye kona iliwabidi wakiinamishe kiti, na miguu yake ikaning'inia upande kama ya mtu mwingine.

Ngazi hizo Muriuki alizimwaga zege mwenyewe. Mwenye ploti, yaani jengo hili la kupangisha, alitaka kila ghorofa ipate chumba kimoja zaidi, akamwambia, "Fundi, hapa kwenye ngazi punguza," naye akapunguza. Akazifanya nyembamba, zilizosimama wima, zisizo na chuma cha kushikilia. Wakati ule alizipanda na karai la simiti begani bila hata kuhema. Jengo lilipokwisha aliambiwa achague nyumba ya kupanga kabla ya watu wengine, akachagua ya juu kabisa. "Huku hakuna vumbi, hakuna kelele," alimwambia mkewe Lydiah siku waliyohamia. "Mtaa wote wa Huruma tutakuwa tunautazama kutoka juu."

Kisha, mwaka jana, ubao ulivunjika chini yake kwenye mjengo mwingine, ng'ambo ya pili ya jiji. Hospitali walifanya walichoweza. Alirudishwa nyumbani kwa kubebwa hivi hivi, akalazwa kando ya dirisha, na tangu hapo akawa kweli anaitazama Huruma kutoka juu: mabati ya Mathare, nguo kwenye kamba, moshi wa jaa la Dandora umelala upande wa mashariki. Kanisa lilimpa kiti cha magurudumu, lakini kiti hakikuweza kukata zile kona. Kilifungiwa kwenye kistoo kilicho chini ya ngazi, pamoja na mifagio na ndoo kuukuu za rangi.

Leo kilikuwa kimetolewa na kupanguswa. Lydiah alisimama kando yake akiwa amejifunga kitambaa cha Jumapili, ingawa ilikuwa Alhamisi. Hakuwa amewasha jiko. Wateja wake wa maharagwe na chapati walipita pale mlangoni pa ploti wakiuliza kulikoni, akawajibu, "Tunaenda kuangalia nyumba," na kila aliposema alikuwa kama anajaribu neno hilo mdomoni.

Lydiah alikwisha kwenda Umoja na Dandora peke yake. Umoja hakupata kitu. Dandora alipata chumba kizuri cha chini, ila alirudi nguo zikinuka moshi, na kifua cha Muriuki tangu ajali hakikuhimili hata moshi wa mtu anayechoma mahindi barabarani. Kwa hiyo ulibaki mtaa wa Kaloleni.

Aluoch, mwanamke waliyesali naye zamani, aliishi huko katika nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, aliyoachiwa na wazazi wake. Nyuma ya nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha mabati. Tuktuk iliwashusha kwenye nyasi. Usiku kulikuwa kumenyesha, na Muriuki akainua pua. Alikuwa amesahau kwamba udongo una harufu. Alisukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akaingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Hapakuwa na kizingiti.

"Mlango huu ni mpana," alisema.

"Nisikudanganye, shemeji," Aluoch alijibu akicheka. "Ulikuwa wa ng'ombe wa marehemu baba."

Muriuki naye akacheka, na Lydiah aligeuka kumtazama, maana ilikuwa kitambo.

Aluoch hakuwaficha mengine. Alisema watu waliitwa kwenye mikutano holini kila mara, wakaambiwa nyumba hizi zitabomolewa zijengwe ghorofa. "Lakini walianza kusema hivyo nikiwa msichana," aliongeza.

"Na mtu akitaka kuweka jiko lake la kuuzia, anaweka wapi?" Lydiah aliuliza.

Aluoch alitikisa kichwa. "Hapo pagumu, Mama Kate. Huku kila kona ina mwenyewe. Ukiweka leo, kesho utalikuta limepinduliwa."

"Basi nitakuwa nikienda Huruma alfajiri, nirudi jioni. Si mbali."

Alilisema kwa wepesi, huku akichungulia kipande cha ardhi kilichokuwa nyuma ya chumba. Lakini Muriuki alikuwa akiitazama mikono ya mkewe, ile mikono yenye madoa ya mafuta ya moto. Akilini alimwona akiondoka gizani na kurudi gizani. Alijiona yeye mwenyewe mbele ya mlango mpana, kutwa nzima, akingoja mtu wa kumpeleka choo.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?"

"Kukaa huku."

Aluoch akakumbuka kwamba ana chai motoni, akaingia ndani kwake.

"Baba Kate," Lydiah alisema kwa sauti ya chini. Hata binti yao Kate alipoolewa Embu, waliendelea kuitana kwa jina lake. "Nimetembea Dandora. Nimetembea Umoja. Nimepiga magoti kwa watu ili uletwe mpaka hapa. Sasa wewe unataka wapi?"

Muriuki aligeuza magurudumu kuelekea kwenye tuktuk. Walirudi bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara.

Huko Huruma, Tobias na wenzake walikuwa wameshakwenda kazini, na wasingerudi mpaka jioni. Muriuki akabaki chini ya ngazi. Lydiah aliwasha jiko bila neno, naye Muriuki akavuta sinia ya maharagwe mapajani akaanza kuyachambua, akiyatoa mawe. Watu wakaanza kuja.

"Fundi! Kumbe uko?"

"Niko."

"Niaje, mzee? Sisi tulisikia ulirudi ushago, kijijini kwenu."

"Sijaenda popote."

Walimpa mkono mmoja baada ya mwingine, mikono mikavu, mikono yenye grisi, na kila mmoja aliushikilia mkono wake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kufika alasiri alikuwa amecheka mara mbili. Lydiah alikuwa hatua chache tu kutoka alipo. Akihitaji kitu, angemwita bila kupaza sauti. Muriuki aligeuza kichwa, akakitazama kistoo kilichoachwa wazi. Alipopita Wanyoike, msimamizi wa ploti, alimwuliza kama kinaweza kupangishwa.

Wanyoike alicheka. Kisha akauona uso wake, akaacha. "Fundi, humo hata paka hulala amekunja mkia."

"Mwulize mwenye ploti."

Wanyoike alisogea pembeni na simu. Aliporudi alisema mwenye ploti hana neno, kisha akaenda zake haraka, kama mtu aliyeleta habari asizozipenda.

"Lile ni shimo," Lydiah alisema.

"Ni chini. Na wewe uko hapa hapa mlangoni."

"Mimi niko hapa hapa mlangoni." Aliyarudia maneno hayo taratibu. "Uliniuliza?"

"Nilikufikiria wewe. Huko Kaloleni ungechoka."

"Najua ulinifikiria." Hakumtazama. "Lakini mimi pia nilitaka kutoka, Baba Kate. Wewe umefungiwa juu. Mimi nimefungiwa kwenye moshi huu, mbele ya mtaro huu, nikijiambia, siku mume wangu akiweza kushuka, tutaondoka wote wawili. Pale kwa Aluoch nimeona mahali pa kupanda sukuma wiki. Moyoni nilikuwa nimeshaipanda."

Chapati ilianza kuungua. Hakuigeuza.

Muriuki alitaka kusema basi, turudi kwa Aluoch, tumwambie ndiyo. Lakini aliwaza tena ile alfajiri na lile giza, akaivuta tena sinia ya maharagwe. Walikuwa bado wamekaa hivyo Tobias alipofika na watu wake.

"Tukupandishe, mzee?"

Muriuki alimtazama mkewe. Lydiah aliitoa chapati nyeusi kwenye kikaango, akaitupa mtaroni.

"Mpandisheni," alisema. "Kesho mtateremsha godoro."

Kuta za kistoo Muriuki alizipiga chokaa mwenyewe. Dari ilishuka kwa mteremko wa ngazi, kwa hiyo kitanda kiliwekwa miguu ikielekea kwenye ufinyu, na mwanga wa mlango uliishia katikati ya blanketi. Siku za kwanza Lydiah aligonga paji la uso kila alipoingia. Kisha akazoea kuinama, na Muriuki alichukia kuona jinsi alivyozoea upesi. Juu ya vichwa vyao zilipita nyayo za ploti nzima: watoto wa shule, mitungi ya gesi, Tobias na buti zake za kazini. Mchana Muriuki alichambua maharagwe na kuzungumza na watu. Watu walimpenda. Lydiah alizungumza na wateja kama kawaida, na naye pia kama kawaida, ila jina la Kaloleni halikutajwa tena.

Jumamosi moja asubuhi walikuja kijana na mkewe, msichana mwenye mimba iliyoanza kuonekana. Wanyoike alikuwa ametoka, ufunguo ameuacha kwa Muriuki.

"Shikamoo, mzee. Tumeambiwa ghorofa ya tano kuna nyumba."

"Marahaba. Iko."

"Maji yanafika?"

"Yanafika."

"Na kelele?" msichana aliuliza. "Sisi tunatafuta mahali pametulia."

Nyuma yao Lydiah alikuwa ameacha kusukuma chapati. Muriuki alifungua mdomo azitaje ngazi, kisha akautazama ufunguo kiganjani mwake.

"Nendeni mkaone wenyewe," alisema.

Walipanda wakizungumza. Sauti zao zikageuka kicheko, kicheko kikageuka pumzi, kisha zikabaki nyayo peke yake. Mahali fulani katikati ya jengo, nyayo zikasimama. Lydiah alipunguza moto, akaja akainama mlangoni pa kistoo, mikono imejaa unga, uso ameuinua darini. Wakasikiliza wote wawili. Nyayo hazikupanda wala hazikushuka.