Mia Tatu na Ishirini za Uwesu

Baba alipofariki nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kutia vifungo na kupinda nguo alizoshona yeye. Kushona kwenyewe nilikuwa nimeshajifunza kwa kumtazama. Tulikaa barazani kwa Manubhai, Mtaa wa Mchikichi, mwaka sabini na nne, soko jipya la Kariakoo likiwa bado linajengwa na vumbi la saruji likitua juu ya kila kitu, hata ndani ya droo ya cherehani. Baba aliitwa Pantaleo. Mama alikuwa ametangulia nikiwa darasa la tano.

Siku ya mazishi sikulia. Watu walisema nitalia baadaye. Nilikaa kwenye mkeka na daftari la shule mapajani, maana baba mdogo Vitalis alinipa kazi ya kuandika. Kabla jeneza halijatolewa alisimama mlangoni akatangaza kama inavyotangazwa kwenye misiba yote.

"Anayemdai marehemu aseme sasa, au amwone binti yake Hyasinta, huyu hapa na daftari. Na anayedaiwa na marehemu naye aseme."

Wa kudaiwa hakusema hata mmoja. Wa kudai walikuwa watatu. Tarsis, mwuza mitumba wa Mtaa wa Kongo, shilingi mia mbili na sitini, alimkopesha baba wakati wa kuugua. Duka la Manubhai, uzi na bitana na zipu, mia na arobaini na tano. Bi Zamzam mwenye nyumba yetu ya Ilala, kodi ya miezi mitatu, tisini. Mteja mmoja wa Magomeni alisema suti yake imeshonwa nusu tu. Huyo nilimwandika pembeni.

Ndipo Uwesu akaja kulala mlangoni.

Uwesu ni Myao wa Tunduru, na sisi ni Wangoni, kwa hiyo ni mtani wetu. Alikuwa na kibanda Mtaa wa Narung'ombe, anatengeneza pasi za mkaa na vyerehani vibovu. Alikuja amevaa koti la baba ndani nje, na futi ya kupimia shingoni kama shanga, akajilaza kizingitini akapanua miguu.

"Mngoni hatoki," alisema. "Namdai shilingi mia tatu na ishirini. Anataka kukimbilia kwa Mungu na hela zangu. Mrudisheni ndani."

"Ondoka hapo wewe, utakanyagwa," wanawake walimwambia huku wanacheka.

"Nikanyageni. Mmezoea kukanyaga panya mnawala."

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Hata mimi nilicheka, mara moja ile wiki nzima. Vitalis alimtupia shilingi mbili kifuani. Uwesu aliziokota, akazitazama kidogo, akasimama akapisha. Jeneza likatoka. Mtani akishapokea, kwisha. Sikuandika kitu.

Baada ya arobaini nilikaa mimi kwenye cherehani. Nilishona sare za shule na kugeuza kola. Mikono ilikwenda yenyewe. Kuna siku nilikuwa napinda shati, nikamaliza, nikalifumua, nikapinda tena, na sikujua kwa nini.

Tarsis alikuja kila asubuhi. Hakufoka. Alivuta kigoda akakaa karibu na gurudumu la cherehani, akalipapasa kama mtu anayepapasa mbuzi wa kununua.

"Habari ya kazi, binti."

"Nzuri. Shikamoo."

"Marahaba. Inakwenda vizuri eh? Haikati uzi?"

"Haikati."

"Mimi sitaki kukusumbua. Nipe hii mashine, nakufutia deni lote leo. Unabaki huru. Utaolewa, utasahau."

Vitalis aliona ni jambo la heri. "Mpe, mwanangu," alisema. "Mwanamke na cherehani ya deni, wa nini? Njoo ukae kwetu Ilala, umsaidie mama yako mdogo."

Nilisema nitafikiri. Kufikiri kwenyewe kulikuwa kumeniishia. Ila nilijua kitu kimoja, kwamba ile cherehani ikiondoka, mimi ni wa kuosha vyombo kwa mama mdogo mpaka anioe mtu wasiyemkataa.

Aliyenishika mkono ni Jasumati, mke wa Manubhai. Yeye ndiye aliyeandika vitabu vya duka, vile virefu vyekundu vinavyokunjwa, kwa Kigujarati chao. Mchana mmoja alitoka barazani na kikombe cha chai, akakaa kwenye kile kigoda cha Tarsis.

"Unamngoja nani akuambie?" aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Na mimi unanidai ushauri au unadaiwa na mimi?"

"Nadaiwa."

"Haya, basi sikiliza kwa mtu anayekudai. Lete daftari."

Nilimpa. Alisoma majina kwa sauti, polepole, kama anayeita wanafunzi. Akauliza napata kiasi gani kwa mwezi. Nikasema sijawahi kujumlisha. Akanifanya nijumlishe hapo hapo, mwezi uliopita wote, kola kwa kola. Ilifika mia na hamsini na kitu. Akauliza nakula nini, nalipa kodi ngapi, mkaa, mafuta ya taa, sabuni. Nilipotaja kidogo alinikatalia.

"Usinidanganye uonekane mwema. Ukipunguza chakula kwenye hesabu, mwezi wa pili utakopa. Ukikopa ili ulipe deni, umeongeza mtu wa kukuamsha asubuhi."

Tulibaki na arobaini.

"Arobaini hizi ndizo zako za kulipa. Si zaidi. Sasa, nani utamlipa kwanza?"

"Tarsis."

"Kwa nini?"

"Anakuja kila siku."

"Unaona. Unamlipa kwa sababu ya miguu yake. Gawa kwa ukubwa wa deni. Anayedai kingi apate kingi, anayedai kidogo apate kidogo, wote siku moja. Tarsis ishirini na moja, sisi kumi na mbili, Bi Zamzam saba. Wewe uwafuate, wasikufuate. Wakusainie. Suti ya yule wa Magomeni hailipwi kwa hela, ishone."

"Na cherehani?"

"Ukimpa Tarsis amelipwa yeye. Mimi na mwenye nyumba utatulipa kwa sindano ya mkono?" Alimaliza chai yake. "Miezi kumi na mitatu. Angalia vizuri kama umeandika wote. Huwa kuna mmoja anayeona haya."

Nilisema nimeandika wote.

Mwisho wa mwezi nilizunguka na hela zangu kwenye leso. Bi Zamzam alinibusu. Jasumati alisaini kwa herufi zao, na chini yake kwa zetu. Tarsis alipokea ishirini na moja kama mtu aliyepewa chenji pungufu, lakini alisaini.

Wakati narudi nilipita Narung'ombe. Uwesu alikuwa amechutama anapuliza mkaa kwenye pasi.

"Hujambo, binti Pantaleo," alisema. "Habari za nyumbani?"

Nikajibu nzuri nikapita. Nilifika kwenye pembe nikasimama. Tangu nina akili Uwesu hajawahi kuniambia hujambo. Alikuwa akiniita mke wangu, mla panya, kisogo cha Songea. Aliwahi kunifuata mpaka sokoni anadai mahari arudishiwe. Nikakumbuka kwamba tangu msiba alikuwa akiniamkia hivyo hivyo, taratibu, kama karani wa posta, na mimi nilikuwa najibu tu. Nilidhani ni huruma. Lakini watani hawana huruma ya namna hiyo. Hapo ndipo hasa wangekuchokoza.

Nilirudi, nikakaa juu ya debe lake.

"Mtani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mbona hunitukani?"

Alipuliza mkaa. Hakuinua uso.

Nikaanza kukumbuka yale ya mlangoni, neno kwa neno. Mtani akija kudai msibani hudai ng'ombe mia. Hudai elfu kumi, hudai binti wa marehemu na meno yake. Sijasikia mtani anayedai mia tatu na ishirini.

"Ilikuwa kweli," nilisema.

"Nilichukua zile shilingi mbili. Watu waliona."

"Za nini? Ile mia tatu na ishirini ya nini?"

Akaniambia. Cherehani yetu ya kwanza iliharibika tulipokuwa bado tunakaa Jangwani, maji yalipoingia ndani. Hii ya sasa baba aliichukua kwa Uwesu. Bei shilingi mia sita. Baba alilipa mia mbili na themanini, kisha akaanza kuugua.

"Hakuna karatasi?"

"Mtani umwandikie karatasi? Tungechekwa." Aligeuza pasi. "Nilitaka kusema kama wengine. Nimeshavaa lile koti, nimeshalala pale, nikaona niseme hapo hapo. Nikasema kweli. Wote wakacheka. Baba yako mdogo akanitupia hela. Ningefanya nini, niseme sichukui? Jeneza limesimama."

"Ungekuja kwangu baadaye."

"Baadaye mtani aje kudai kweli? Nimeshapokea."

Hakuna aliyejua, zaidi yake na mimi. Nilikaa pale nikijaribu kuona kama nafurahi au nahuzunika. Nilisikia tu joto la ile pasi kwenye goti. Nikafungua daftari, nikaandika: Uwesu, 320.

Jasumati alipoona lile jina hakuuliza mengi. Alipiga hesabu upya. Uwesu kumi na saba, Tarsis kumi na mbili, duka saba, Bi Zamzam nne. Miezi ishirini kasoro.

"Utawaambia mwenyewe," alisema. "Kabla ya siku ya kulipa. Wasishtukie kwenye kiganja."

Nilimwambia Tarsis palepale barazani kwamba ametokea mdai mwingine na zake sasa ni kumi na mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alikuja na mkokoteni na hamali wake, na Vitalis nyuma.

"Mzigo ni huu," Tarsis alimwambia hamali. "Mimi nimevumilia. Ishirini na moja imekuwa kumi na mbili, mwezi ujao itakuwa sita. Vitalis ni mkubwa wa familia, ameridhia."

"Mpe, Hyasinta," alisema Vitalis. "Tusiaibishane barabarani."

Sikusimama. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali.

"Baba mdogo, huwezi kuridhia," nilisema. "Si ya baba. Haijamalizwa kulipiwa. Ni ya Uwesu."

Vitalis alicheka kweli kweli. "Uwesu? Uwesu si tulimlipa mlangoni? Kila mtu aliona."

"Shilingi mbili," alisema Tarsis. "Mtani akipokea amemaliza. Au Wangoni mna sheria nyingine?"

Watu walianza kukusanyika, wauza vitunguu na wapita njia. Mtu alikwenda kumwita Uwesu. Alikuja na masizi mikononi, akasimama mbali kidogo, macho chini. Nilimwona anavyotamani ardhi impe pa kuingia. Watu walishaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo, maana ni Uwesu.

"Haya, mwenye mali," Tarsis alimwambia. "Tuchekeshe."

Jasumati ndiye aliyesema, kutoka mlangoni.

"Uwesu, hiyo mashine uliitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Ndani kuna nini ambacho hatukioni?"

Alifikiri. "Chini, upande wa gurudumu, kuna skrubu tatu za cherehani yenyewe na moja ya baiskeli. Ya baiskeli ina kichwa kikubwa. Nilikosa ya kwake."

Nilitoa kitambaa, nikailaza mashine kwa nyuma kwenye bawaba zake. Vichwa viliinama. Ilikuwepo, nene, imeshika kutu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitia mafuta mara ngapi, sikuijua.

"Uliiuza mia sita," nilimwambia mbele yao. "Ukapata mia mbili themanini."

"Ndiyo," alisema Uwesu. "Mia tatu na ishirini zimebaki. Sisemi utani."

Hakuna aliyecheka safari hii. Vitalis alikuna shingo akatazama soko linalojengwa.

"Vizuri," alisema Tarsis taratibu. "Kama ni yako, ichukue. Ukiiacha hapa nitajua mmepanga na huyu binti."

Nilijua lile neno lingekuja. Nilijua tangu nilipofungua mdomo, nikafungua tu. Uwesu alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, mimi nikatoa mguu kwenye pedali.

Hamali aliuliza, "Sasa naenda wapi? Mimi nimeshalipwa."

"Narung'ombe," alisema Uwesu.

Wakaifunga kamba. Ilikwenda kwa mkokoteni wa Tarsis, na Tarsis akaufuata hatua chache halafu akaacha. Baraza lilibaki na alama nne za miguu ya meza kwenye vumbi. Jasumati aliniletea kigoda. Nilikataa. Nilikusanya sare, uzi, mkasi, na ile suti ya Magomeni iliyobaki mkono mmoja, nikaelekea ulikokwenda mkokoteni, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuelekea na kazi za watu.

Uwesu alikuwa ameshaiweka penye mwanga, kando ya majiko yake. Alikuwa anafuta masizi kwenye bamba la chini ya sindano kwa kiwiko.

"Utakosa raha hapa, moshi mwingi," alisema.

"Kodi ya kukaa hapa ngapi?"

"Nilipe kumi na saba zangu. Kodi sijui."

"Na usiponiona mwezi mmoja?"

"Mashine iko kwangu. Wewe ndiye utakayenitafuta."

Nilivuta debe nikakaa. Uzi ulikuwa umetoka kwenye tundu la sindano njiani. Nilijaribu kuuingiza mara tatu, mara ya nne ukaingia. Nikauunga ule mkono wa suti.

Siku ya kulipa nilimpelekea Tarsis kumi na mbili zake kabla hajafungua duka. Alizihesabu mbele yangu, akaomba kalamu. Nilirudi Narung'ombe kwa miguu. Kulikuwa na sare tatu za kupinda kabla ya saa kumi na moja.